Fohandi: Jamani, Mpira Haufunikwi

Wazazi, nawaomba tena: mtoto anapopiga fohandi (pigo la tenisi la upande wa mkono unaoshika raketi), msimpigie kelele kutoka nje ya uzio, "Funika mpira! Zungusha mkono!", yaani ageuze raketi juu ya mpira anapoupiga. Kazi yote ya wiki inaharibika hapo hapo.

Najua imani hiyo inatoka wapi. Kwenye picha, mchezaji amemaliza pigo, raketi iko juu ya bega la pili, kiganja kimegeukia nje. Mtu anaamini kugeuka huko ndiko kulikouzungusha mpira. Sivyo kabisa! Mpira hukaa kwenye nyuzi takriban sekunde 0.005, mkono unapogeuka hivyo, mpira umeshaondoka. Mrekodini mtoto kwa simu, mwendo wa polepole, msimamishe video mpira unapogusa nyuzi. Pigo likiwa zuri, mtaona uso wa raketi umesimama karibu wima na kifundo cha mkono bado kimelala nyuma.

Topispini, yaani mpira kuzunguka kwenda mbele na hivyo kushuka haraka, inatokana na raketi kushuka chini ya mpira, kisha kupanda huku ikienda mbele. Magoti, kiuno na bega ndivyo vinavyoipandisha. Anayefunika anabadilisha pembe ya raketi wakati ule ule wa kugusa: akiwahi, mpira uko wavuni, akichelewa, umepaa.

Nairobi inazidisha kishawishi hicho. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira haupungui kasi upesi. Kanuni za tenisi zina mipira maalumu ya viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, ila mazoezini tunapiga iliyopo. Mtoto akiona mipira inapita mstari wa nyuma, anaanza kufunika. Apandishe raketi zaidi, basi.

Mshiko wa raketi: nusu-magharibi, kiganja kikiwa kidogo chini ya mpini. Kwa wadogo sana bado nasitasita. Pengine wa mashariki, kama unapeana mkono na raketi, unawatosha mpaka mpira uanze kuwarukia mabegani.

Na kifundo hakikazwi kama chuma, hata kama kuna wanaofundisha hivyo. Kinalegea, kinafuata mkono. Je, mwendo huo ufundishwe? Mimi siutaji, maana nikiutaja tu, mtoto anaanza kuchapa mpira kwa kifundo. Huenda kwa wakubwa nakosea kunyamaza.

Nyumbani fanyeni hivi: mdondoshee mpira mbele kidogo ya kiuno, aanze raketi ikiwa chini ya goti, aupige polepole, amalize kiwiko kikiwa usawa wa kidevu. Nguvu ataongeza baadaye.