Thaddeus Stevens: Wakili wa Gettysburg Aliyefika Bungeni

Sheria za usawa wa raia nchini Marekani husomwa mara nyingi kana kwamba zilizaliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 peke yake, ilhali walioziandika walikuwa na ujuzi walioupata zamani, katika mahakama za wilaya na ofisi ndogo za uwakili. Thaddeus Stevens ni mmoja wao, na maisha yake yanastahili kufahamika zaidi.

Alizaliwa Vermont mwaka 1792, akiwa na kilema cha mguu, katika familia maskini. Baada ya masomo ya chuo alifundisha shule mjini York, Pennsylvania, huku akijisomea sheria, na mwaka 1816 akafungua ofisi Gettysburg, mji mdogo ambao wakati huo haukuwa na sifa yoyote nje ya wilaya yake. Kazi ilikuwa ile ya mawakili wote wa miji ya namna hiyo: madeni, mirathi, mipaka ya mashamba.

Shauri moja la miaka hiyo halipaswi kufichwa. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka jimbo jingine iwapo angekaa Pennsylvania zaidi ya miezi 6. Charity Butler, mwanamke aliyekuwa akiletwa huko mara kwa mara kutoka Maryland, alidai kwamba siku zake zote zikijumlishwa zinapita muda huo, na kwa hiyo yeye na watoto wake ni huru. Stevens alisimama upande wa mwenye mtumwa, akajenga hoja kwamba miezi hiyo lazima iwe mfululizo, na mwaka 1821 Mahakama Kuu ya jimbo ikakubaliana naye. Mama na watoto wake wakabaki utumwani kwa sababu ya namna ya kuhesabu siku. Baadaye Stevens aligeuka kuwa mpinzani mkubwa wa utumwa na kuwatetea watoro mahakamani bila malipo. Kwa maoni yangu, ushindi ule ulimfunza vizuri mno jinsi sheria yenye mwanya inavyoweza kumnyima mtu utu wake.

Aliingia katika bunge la jimbo mwaka 1833. Mwaka uliofuata Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za bure zinazogharamiwa kwa kodi, na walipakodi wakaja juu kiasi kwamba Seneti ya jimbo ilipiga kura kuifuta. Mwezi Aprili 1835 Stevens aliwaeleza wajumbe wenzake kwamba mtu hulipia jela na mahakama hata kama hazitumii, basi kwa nini akatae kulipia shule? Sheria ikanusurika.

Alihamia Lancaster mwaka 1842, akachaguliwa kwenda Washington mara ya kwanza mwaka 1848, na wakati wa vita aliongoza kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyosimamia mapato ya serikali. Vita vilipokwisha alikuwa kiongozi katika kamati iliyoandaa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayomfanya raia kila aliyezaliwa nchini chini ya mamlaka yake na kuyazuia majimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Maneno ya mwisho hayakumridhisha, kwa kuwa hayakuwapa watu weusi haki ya wazi ya kupiga kura. Hata hivyo mwezi Juni 1866 aliyaunga mkono, akisema kwamba anaishi miongoni mwa watu, si malaika.

Pendekezo lake la kuwagawia walioachwa huru ekari 40 kwa kila familia, kutoka mashamba ya mabwana wa majimbo ya Kusini walioasi serikali katika vita hivyo, lilikataliwa. Stevens alifariki Agosti 1868, mwezi mmoja baada ya Marekebisho hayo kuidhinishwa, na wengi wa watu aliowapigania waliendelea kulima ardhi ya mabwana wao wa zamani kwa kugawana mavuno, wakiwa raia kwa Katiba na wadeni kwa maisha yao ya kila siku.