Unga umeisha, hela hakuna: mlango wa kugonga kwanza Arusha na Moshi

Katika kazi hii ya ustawi wa jamii, swali ninaloulizwa kuliko yote ni "TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wanaandikisha lini?" Ni swali la haki, ila kwa mtu ambaye sufuria halijabandikwa leo, huo ni mlango wa mbali kuliko yote.

Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini hauna dirisha la kupeleka maombi. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, kisha hupita kwenye dodoso na uhakiki, na malipo kwa utaratibu hutoka kila baada ya miezi miwili. Utambuzi wenyewe haufanyiki kila mwaka. Kwa hiyo ukisikia tangazo la mkutano, nenda, hata kama ajenda ni taka na barabara. Wanaoachwa mara nyingi ni wapangaji: amehama kutoka Ngarenaro kwenda Sombetini, au kutoka Njoro kwenda Pasua, hajajiandikisha kwenye daftari la wakazi, na siku majina yanatajwa hakuna jirani wa kusema "huyu namjua".

Mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa, na unachokifuata pale ni barua ya utambulisho. Barua nyingi hurudishwa kwa sababu zimeandikwa "ni mkazi wangu, asaidiwe" basi. Omba iandikwe jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA (Neema Joseph na Neema J. Mollel kwenye karatasi mbili ni watu wawili), idadi ya wanaokula nyumbani na umri wao, mgonjwa au mlemavu kama yupo, na kilichokatisha kipato: kibarua kimeisha, biashara imekufa, mume amelazwa. Muhuri, sahihi, tarehe. Tengeneza nakala tatu kabla hujaanza kuzunguka, maana nakala halisi ukiiacha ofisi ya kwanza umeanza upya. Ukiombwa hela ya muhuri, uliza kwa heshima risiti ya serikali iko wapi.

Nakala moja mpelekee afisa ustawi wa jamii wa kata, na kama kata yako haina, nenda halmashauri. Nyingine ipeleke kwenye imani yako, na hapa ndipo chakula hupatikana haraka. Ila usianzie kwa padri au mchungaji. Parokiani hoja hupanda kutoka jumuiya ndogo ndogo, na kwenye usharika wa KKKT (Walutheri) hupanda kupitia mzee wa kanisa wa mtaa wako, kwa sababu ndiye atakayeulizwa kama habari ni za kweli. Msikitini zungumza na imamu au kamati mapema ndani ya Ramadhani. Zaka ya fitri, kama kilo mbili na nusu za chakula kwa kila kichwa, inatakiwa imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi, na orodha hufungwa siku kadhaa kabla. Kama uko kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), uliza mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, usiguse hisa zako. Wengi huvunja hisa kwanza, na mwezi wa pili hawana hata pa kukopa.

Ukiulizwa unahitaji nini, taja kilo. Kipimo kinachotumika sana kwenye ugawaji ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku 30 wanahitaji nafaka kilo 60, maharage kilo 9, mafuta lita 4 na chumvi robo tatu ya kilo. Kwa gunia la kilo 100 lenye debe sita, hiyo nafaka ni kama debe tatu na nusu. Mwenye watu watano akipewa kilo kumi za sembe ajue ni za siku tano tu, aendelee kutafuta.

Mahindi ya bei nafuu ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, ni habari nyingine. Yanauzwa, hayagawiwi, na hufika kupitia halmashauri bei zikipaa. Ukisikia yamefika, wahi na mfuko wako.

Mtoto hasubiri barua. Mwenye miezi 6 hadi 59 akipimwa mkono wa juu kwa utepe na kusoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza pia nyayo zote mbili kwa kidole gumba sekunde tatu. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama mkono umenona, kwani uvimbe hudanganya macho. Mtoto anayenyimwa chakula na mlezi, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Mwisho, mahindi ya msaada. Huja yakiwa yamechanganywa kutoka ghala hili na lile, na yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu. Msimu wa baridi chumvi ya Moshi huwa na maji yake, ikaushe kwanza kikaangoni. Tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi: anika juani juu ya turubai, rudia kipimo jioni. Yaliyooza au yenye ukungu wa kijani chambua utupe, usiwape hata kuku. Yakikauka, saga dona, maana kukoboa kunakupunguzia kilo, lakini saga ya wiki mbili tu. Dona huchacha upesi kuliko sembe.