Hapana, Kilimanjaro Marathon haipandi mlima: mambo tunayodanganyana kuhusu Moshi na Marangu

Nina vyumba vinne vya wageni hapa Moshi, na kila mwaka ikifika Januari simu zinaanza. Mwaka huu jamaa yangu mmoja wa Dar kanipigia, sauti ya mtu aliyeshaogopa, ananiuliza "hivi mkuu kule juu mnawekewa mitungi ya oksijeni?" Kule juu wapi? "Si kwenye marathon." Nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Lakini sio yeye tu. Wapo wengi sana wanaoamini kwamba Kilimanjaro Marathon ni kukimbia mpaka kileleni, na wengine wanaliamini hilo huku tayari wamejiandikisha!

Haya, ukweli wenyewe. Mbio hizi zipo tangu 2003, zinakimbiwa Jumapili mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, zinaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika hapahapa mjini, na hamna mguu hata mmoja unaoingia hifadhini. Wa kilomita 42 wanaanza kwa kwenda barabara ya Dar na kurudi, huko ni tambarare, watu wanapiga selfie, halafu ndo wanapandishwa barabara ya Mweka. Mweka ndo kiboko. Unatoka kama mita 830 kutoka usawa wa bahari unaenda kufika kama 1,150, kwa mlima wa mita 5,895 hapo hata moja ya tano hujafika, ila miguu haijui hesabu hizo. Migomba huku na huku, watoto wamepanga mstari wanataka kugongana mikono na wakimbiaji, na wewe unahema kama ng'ombe. Halafu kuna ya kilomita 21, na ile ya 5 ambayo watu wanatembea na watoto mgongoni, kwahiyo na hii kwamba "ni ya wakimbiaji wakubwa kina Simbu tu" nayo futeni.

Kinachoniuma mimi kwenye marathon ni kingine. Watu wanafikiri wikiendi ile mji wote unatajirika. Vyumba vinajaa kweli, hata sebule nimeshawahi kulaza watu, ila mgeni anaingia Ijumaa, Jumapili anakimbia, Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi huyo stendi. Wapanda mlima ndo kabisa, anashuka uwanja wa ndege wa KIA, analala usiku mmoja, siku sita yuko mlimani, akishuka anaoga anaenda Serengeti au Zanzibar. Mji kama huu unakula kwenye ile siku moja ya ziada, siku ambayo mgeni hana ratiba na anakuuliza "leo nifanye nini?" Na hapo ndo tunapoharibu wenyewe, kwasababu tunamjibu kwa hadithi za uongo au tunamwambia hamna kitu.

Hadithi ya uongo namba moja, inapendwa kweli na magaidi (waongoza wageni, msije mkaita polisi): eti Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake Kaiser Wilhelm kama zawadi ya birthday, ndo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale. Inachekesha, mzungu anacheka, tip inatoka. Ila mpaka ule ulikubaliwa kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na mwaka huo Wilhelm huyo hata Kaiser hajawa, kawa 1888, aliyekuwepo kwenye kiti ni babu yake. Wajerumani walishakuja kusainisha mikataba kwa watawala wa huku, Waingereza walikuwa na lao Mombasa, wakagawana mezani. Basi. Hamna keki wala mishumaa. Na mie naona huu ukweli unauma zaidi kuliko hadithi, kwasababu hakuna Mchagga wala Mmasai aliyeitwa kwenye hiyo meza, sasa hilo gaidi akilisema vizuri mgeni hacheki lakini hasahau.

Ya pili inafanana nayo: kwamba mlima "uligunduliwa" na Rebmann, mmisionari Mjerumani, na ukapandwa na Mjerumani mwenzake Hans Meyer, mwisho wa habari. Rebmann aliiona theluji Mei 1848, akaandika, wasomi wa Ulaya wakambishia miaka kibao kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, wakati huku bibi zetu walikuwa wakiamka asubuhi wanaiona wakienda kukata majani ya ng'ombe. Meyer na mwenzake Purtscheller kweli walifika kileleni Oktoba 1889, lakini waliondokea Marangu kwa Mangi (yaani chifu wa Kichagga) Marealle, na hawakubeba mizigo yao wenyewe. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu linatajwa sana kama aliyewaongoza njia, wapo wanaobishana alifika nao mpaka wapi na alikuwa na umri gani, ila ukifika lango la Marangu utakuta mbali na kibao cha Meyer kuna kumbukumbu ya wenyeji pia. Simama usome, dakika mbili tu, wengi wanapita mbio wanakimbilia choo.

Sasa hili la "Moshi hamna makumbusho". Ukimaanisha jengo kubwa lenye tiketi na AC, sawa. Lakini panda Haisi ya Marangu pale stendi, shuka Marangu Mtoni, chukua boda, utakuta makumbusho ya Kichagga yenye ile nyumba ya asili ya majani, umbo la pia iliyogeuzwa, paa linagusa chini. Ndani ng'ombe upande huu, watu upande huu, moto katikati, na moshi hauna pa kutokea kwahiyo unapenya taratibu kwenye majani. Ukikaa dakika tano nguo zako zinanukia mpaka kesho. Kuna na mapango, yaani mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono enzi za vita, za Wamasai na za sisi kwa sisi maana mangi na mangi nao walikuwa wanapigana, hilo huwa hatulisemi. Unaingia umeinama, magoti yanalowa, na mwenye tochi anakuonesha kishimo pembeni alipokuwa anakaa mlinzi na rungu, anayeingia asiyejulikana anapigwa la kichwa kabla hajanyoosha mgongo. Mtoto wangu wa darasa la tano aliingia mara tatu. Yule niliyeambiwa haponi bila simu!

Na Old Moshi. Hapa sitanii. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani pale tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 watu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeunganisha baadhi ya mafuvu waliyonayo na koo za huku, la Meli mwenyewe halikuwemo. Pale Old Moshi pana sanamu yake, pana mti unaoelezwa ndio alionyongewa, na maonesho madogo, na kutoka mjini ni mwendo mfupi tu wa kupandisha. Halafu vipeperushi vyetu vyote ni picha ya twiga na mlima nyuma yake. Wageni niliowapeleka kule, Wajerumani hasa, wanarudi kimya kwenye gari, na jioni ndo wanaanza kuuliza maswali ambayo mie mwenyewe inabidi niende nikaulize wazee.

Hii nyingine ni ya wabongo wenzangu: "mlima ni wa wenye dola". Kileleni ni ghali, sibishi. Lakini mtanzania analipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, na kuna safari ya siku moja, unatoka lango la Marangu asubuhi unaenda kibanda cha Mandara mita 2,720, kama masaa matatu hivi kupanda kwa mwendo wa polepole, ndani ya msitu, mbega wanakuangalia toka juu, ukiwa na pumzi unaongeza dakika chache mpaka kreta ya Maundi unaangalia chini upande wa Kenya. Jioni uko mjini unakula ndizi nyama. Beba sweta, hapo nimewaambia, msije kunipigia.

Kuhusu Kenya: hapana, mlima hauko Kenya, lakini picha nzuri nyingi za tembo na Kibo, kile kilele chenyewe, zimepigwa Amboseli upande wa Kenya na wenzetu wanajua kuuza, tusiwakasirikie. Theluji: haijaisha, ila zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 haipo tena, kwahiyo anayekwambia "itakuwepo tu" naye anakudanganya. Na maji moto ya Chemka sio moto, ni vuguvugu la kawaida, mazuri kweli, ya bluu, unaona mpaka chini, ila usiende na yai ukitegemea litaiva.

Kahawa nayo watu wanaona ni mambo ya kizamani, wakati chama cha ushirika cha KNCU cha 1933 kilikuwa kinaendeshwa na wakulima wa hukuhuku, na leo ukienda Materuni unamaliza maporomoko unaingia uani kwa mtu, mnatwanga kwenye kinu kwa kupokezana na wimbo, mnapepeta, mnakaanga kwenye chungu mpaka zinaanza kupasuka paa, paa, halafu unakunywa hiyohiyo. Hela inabaki kwa mwenye ua, hamna ofisi katikati.

Malalamiko makubwa ya wageni lakini ni haya: "mlima wenyewe uko wapi?" Wanajua upo tu muda wote kama kwenye kopo la bia. Mlima unajifunika, saa nne asubuhi mawingu yameshapanda, unatoka alfajiri na saa nyingine kabla jua halijazama, ukilala mpaka saa tatu umeukosa. Nilikuwa na dada mmoja wa Mwanza, kakaa siku tatu hajauona hata ukingo, ananiambia nimemtapeli. Siku ya kuondoka saa kumi na mbili asubuhi tuko stendi, begi lake limeshaingia chini ya basi, akageuka kuniaga, akaona Kibo yote nyeupe juu ya mabati. Akanyamaza. Halafu akamgonga konda begani: "Kaka, samahani, nishushie begi langu."