Kasuku wako si kipimo cha volkano

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wa Goma nchini Kongo, iking'aa nyekundu usiku, simu zinaanza kwangu mimi daktari wa wanyama: "Dokta, kasuku amenyamaza tangu asubuhi, tukimbie?" Imetosha sasa.

Dhana: kasuku hujua volkano mapema kuliko watu.

Hajui. Anachowahi kuhisi ni mtetemo, si habari ya kesho. Miguuni ana vipokezi vinavyonasa mtikisiko mdogo sana, ndiyo maana hushtuka na wimbi la kwanza la tetemeko, lile ambalo sisi mara nyingi hatulisikii. Wimbi hilo hukimbia kama kilomita 6 kwa sekunde. Lile linaloangusha kabati, kama 3.5. Tetemeko likianzia kilomita 15 kutoka kwako, kasuku amekutangulia kwa sekunde 2 hivi. Hapo hufungashi hata shati.

"Lakini 2021 alipiga kelele jioni ileile!" Na jana yake alipiga, na juzi yake. Kasuku wa kijivu hupiga kelele jua likichomoza na likizama, ndizo saa zake. Mlima ulipasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, watu wakaunganisha mambo mawili. Kasuku aliyenyamaza kutwa, manyoya yamemvimba, mkia unapanda na kushuka kila akipumua, huyo ni mgonjwa. Mlete leo, acha kuangalia mlima. Habari za volkano sikiliza kwa wataalamu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano.

Badala ya kungoja ishara, weka tayari tundu dogo la kubebea: sentimita 30 kwa 30, kimo 40. Kijiti kimoja tu, kiwe chini. Toa kengele, bembea na kioo. Mlango ufunge kwa waya, maana mdomo wake hufungua ndoano yoyote. Chakula kikavu gramu 50 kwa siku, cha siku 7. Njiani mpe vipande vya papai, kwa sababu bakuli la maji litamwagika na kumlowesha. Avokado usimpe kamwe, hata kama barabara nzima ya kukimbilia Sake hamna kingine: sumu yake huharibu moyo wa ndege.

Dhana: mfungulie, atajiokoa. Aliyelelewa nyumbani hajui kutafuta chakula, na mwenye mabawa yaliyokatwa hafiki mbali. Ni kumtupa.

Dhana: kitambaa chenye maji juu ya tundu huzuia gesi. Huzuia majivu tu. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa. Hujaa mashimoni, kama kule Bulengo na Lac Vert, magharibi ya Goma, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Tundu lisilazwe chini huko. Ukiona mbuzi au mbwa amelala kwenye shimo, usishuke kumtoa.

Dhana: akipatwa na baridi kambini, mbabula ya makala (jiko la mkaa) imsogelee. Moshi usioonekana wa makala humwua kabla nyinyi hamjaumwa kichwa. Mfunike kwa blanketi pande tatu.

Dhana: majivu huoshwa mara moja. Yakilowa hugandamana na manyoya. Yapangushe kwanza kwa brashi laini, makavu, kisha umnyunyizie maji safi. Ya mvua hapana: moshi wa mlima huyatia asidi na floridi.

Na wanaokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda: tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila karatasi anaweza kunyang'anywa mpakani, kwa hiyo ziulizie sasa, mlima ukiwa umetulia.