Oscar si mbio za punda

Lamu tumezoea mashindano yanayoonekana kwa macho. Siku ya mbio za punda, watu wamejaa ukingoni, anayetangulia ndiye mshindi na hakuna wa kubisha. Oscar, tuzo za filamu za Marekani, haziendi hivyo, ndiyo maana gumzo lao kwenye baraza za Langoni hupotoka upesi.

Dhana: majaji wachache hujifungia chumbani na kuamua.

Ukweli: hakuna jopo. Maelfu ya wanachama wa Akademia, chama kinachotoa Oscar, wenyewe watu wa filamu, hupiga kura. Waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri. Duru ya mwisho wote huchagua.

Dhana: filamu bora ni ile iliyopata mashabiki wengi zaidi.

Ukweli: kwa tuzo nyingine, mwenye kura nyingi hushinda. Lakini kwa filamu bora, tangu sherehe ya 2010, kila mpiga kura huzipanga filamu kuanzia anayoipenda zaidi. Isipopatikana iliyowekwa ya kwanza na zaidi ya nusu ya wapiga kura, ya mkiani huondolewa na karatasi zake za kura huhamia kwa chaguo linalofuata, hivyo hivyo hadi moja ivuke. Basi filamu inayopendwa sana na kuchukiwa sana inaweza kuongoza mwanzoni, kisha ikapitwa na ile ambayo wengi waliiweka ya pili au ya tatu. Wanaolia kwamba filamu yao imeibiwa, mara nyingi hawajui hesabu hii.

Dhana: aliyetoka mikono mitupu hakustahili.

Ukweli: mwaka 1986 Out of Africa, iliyopigwa hapa Kenya, ilibeba tuzo 7. The Color Purple iliteuliwa mara 11, haikupata hata moja. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za kusisimua, naye aliteuliwa mara 5 kuwa mwongozaji bora, asishinde kamwe.

Dhana: Kenya ilishinda Oscar 2014.

Ukweli: ile ni tuzo ya Lupita Nyong'o mwenyewe, kwa uigizaji wake katika 12 Years a Slave, na tuna kila sababu ya kujivunia. Filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya, Nairobi Half Life ya 2012, haikufika kwenye tano za mwisho za tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni.

Inayoniuma ni Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani na Wakenya, iliyoteuliwa 2018 ikakosa. Inasimulia basi la Mandera lililoshambuliwa Desemba 2015, abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Sisi tunaopanda basi Garsen hadi Lamu tunaielewa bila kufasiriwa.