Kusini mwa Ziwa Turkana, usisubiri jasho ndipo unywe maji

Wageni wanaotaka niwaongoze kwa miguu kutoka Loiyangalani hadi volkano ya Teleki huniuliza kwanza kuhusu joto. Joto lipo, tena kali, na njia ni mawe meusi ya volkano yasiyo na kivuli. Lakini mimi huanza na upepo. Ni upepo ule ule uliofanya mitambo 365 ya umeme isimikwe upande huo wa ziwa, nao hukausha jasho kabla hujaliona. Shati kavu, uso mkavu, mtu anajiona mzima. Tazama mikanda ya begi lake: ile chumvi nyeupe iliyoganda ndiyo maji aliyokwisha kupoteza.

Kwa hiyo tunakunywa kwa saa, hatungoji kiu. Kila robo saa mtu anapata glasi moja, yaani karibu lita moja kwa saa ya kutembea. Asivuke lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi bila chumvi hushusha sodiamu kwenye damu. Kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu wanazidi kumnywesha. Njugu za chumvi na pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) zinaliwa na kunywewa tangu asubuhi, mtu akiwa bado ana nguvu.

Nahesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, pamoja na za kupikia. Watu sita kwa siku tatu ni lita 180, madumu tisa ya lita 20. Hayo hubebwa na ngamia, nasi huyagawa kwa ngamia watatu, kwa sababu ngamia akishtuka na kukimbia anaondoka na maji yenu.

Ziwa mnaliona muda mrefu, ila msilitegemee. Wapelelezi wa Ulaya Teleki, ambaye volkano ina jina lake, na von Höhnel walipolifikia mwaka 1888 wakiwa na kiu kali, walikuta maji ya magadi. Yanafaa kupoza mwili, na hata hapo mchotaji aende na mwenzake wa kumwangalizia mamba.

Kupoza ndiko kunakookoa. Mtu akianza kupepesuka au kujibu mambo yasiyoeleweka, huenda joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi. Msimharakishe kwenda kambini. Mlazeni pale pale, mtengenezeeni kivuli kwa shuka, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Hapo upepo unakuwa msaada mkubwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Simu ya setilaiti ipigwe wakati huo huo, maana huku mtandao wa kawaida haupo sehemu nyingi.

Tunaanza kutembea saa kumi na moja alfajiri, saa nne tunasimama, saa kumi jioni tunaendelea. Usiku hatulali ndani ya laga, yaani mkondo mkavu wa mto wa msimu, hata mchanga wake ukiwa laini namna gani: mvua ikinyesha mbali kwenye mlima Kulal, maji yanaweza kufika penye anga safi.

Na Bonde la Suguta, ng'ambo ya pili ya ile volkano, siingii kabla ya kuzungumza na chifu na wazee wiki hiyo hiyo. Habari za usalama za mwezi uliopita hazinitoshi. Wakisema bado, tunageuzia Teleki, hata kama mgeni amelipia safari nzima.