Kupokea fedha ya umma si kuuza ngoma

Katika kikao kimoja kilichofanyika chini ya mwembe upande wa Magu, mzee mmoja alinisikiliza kwa utulivu nilipoeleza namna kikundi chao kinavyoweza kuomba fedha halmashauri, kisha akachukua kifimbo, akaigonga ngoma iliyokuwa mbele yetu pigo moja tu, akasema: "Mwanangu, siku Serikali itakaponunua hata ngozi ya ngoma hii, ngoma si yetu tena." Wajumbe wote wakatikisa vichwa kukubali. Kazi yangu ni kuvishauri vikundi vya ngoma na vituo vidogo vya utamaduni katika mkoa wa Mwanza, na kauli hiyo nimeisikia Sengerema, nimeisikia Ukerewe, nimeisikia hata Nyamagana mjini, kutoka kwa watu wenye shahada. Nakiri kwamba subira yangu juu yake imekwisha.

Wanaoamini hivyo huchanganya mambo matatu ambayo sheria imeyatenganisha. Umiliki hutokana na hati, yaani hati ya ardhi, katiba ya kikundi na orodha ya vifaa. Udhibiti wa Serikali hutokana na sheria, nao unakuhusu hata kama hujawahi kupokea shilingi moja. Fedha hutolewa kwa mkataba, na mkataba hauwezi kumpa mfadhili kitu ambacho hakikuandikwa ndani yake. Anayekwepa fedha ili kuikwepa Serikali, kwa hiyo, anabaki na Serikali ile ile, ila bila fedha.

Historia ya hapa kwetu inalithibitisha jambo hilo kuliko maelezo yangu. Mwaka 1963 utawala wa watemi, yaani machifu wa jadi, ulifutwa kisheria nchini, na ngoma, viti na mavazi ya enzi vikakosa ofisi iliyokuwa ikivitunza. Hatua iliyobadilisha hatima ya vifaa vya utemi wa Wasukuma kuliko nyingine yoyote haikuja na ruzuku wala mkopo. Ilikuja na sheria. Vivyo hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimruhusu mtu kuvisafirisha nje ya nchi vifaa vya kale bila kibali, na haiulizi kama mwenye navyo aliwahi kufadhiliwa na mtu.

Isitoshe, mzee yule alipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili kwa mila zake mwenyewe. Vijana wa bugobogobo, ngoma ya Kisukuma inayochezwa kwa majembe, walipoitwa kulima, mwenye shamba ndiye aliyewalisha na kuwalipa, wakati mwingine kwa ng'ombe, lakini sijapata kusikia mwenye shamba aliyedai kwamba wimbo ulioimbwa shambani kwake ni wake. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vyenye upinzani wa jadi, waliposhindana, mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi upande wake, hata angelishwa na nani. Wazee wetu walijua kutenganisha mlipaji na mwenye ngoma muda mrefu kabla ya kuwapo kwa halmashauri.

Mara nyingi hutajiwa Bujora, pale Kisesa, kama ushahidi kwamba kituo husimama pale tu Serikali inapokaa mbali. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyofunguliwa mwaka 1968, yalianzishwa na Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma, nayo yamebaki chini ya Kanisa Katoliki. Ni kweli kwamba si mali ya Serikali. Hata hivyo, hayo hayakutokea kwa sababu fedha ya umma ilikataliwa. Yametokea kwa sababu eneo lina mwenyewe anayejulikana. Butiama, upande wa pili katika mkoa wa Mara, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa mwaka 1999 yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na hilo nalo halikutokea kwa bahati mbaya baada ya mtu kupokea hundi. Kote kuwili, ukiuliza mwenye kituo ni nani, utaelekezwa kwenye karatasi.

Vikundi vingi havina karatasi hizo, na hapo ndipo mali zinapopotelea. Kikundi kimoja nilichokihudumia kilikuwa na ngoma saba, zote zikihifadhiwa nyumbani kwa mtunza hazina kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chumba kisichovuja. Alipofariki, warithi waliziorodhesha pamoja na vyombo vya nyumbani, na kikundi hakikuwa na mstari hata mmoja wa maandishi wa kuonyesha vinginevyo. Kikundi hicho hakikuwa kimepokea fedha ya umma hata siku moja.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, ambao wengine wameshaanza kunitania kwa ajili yake, ni kununua kaunta buku. Kila kifaa kipewe namba, jina lake kwa Kisukuma au Kikerewe, jina la aliyekileta, tarehe, hali yake siku ya kupokelewa, na neno moja ambalo watu huliruka: ametoa, au ameweka amana. Ngoma iliyotolewa ni ya kikundi. Ngoma iliyowekwa amana ni ya ukoo, na ukoo unaweza kuja kuichukua kesho asubuhi. Namba iandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye mti wa ngoma, kamwe si kwenye ngozi, kwa maana ngozi hubadilishwa, na namba ikaenda nayo. Aliyeleta na aliyepokea waweke sahihi au dole gumba. Ukurasa huo mmoja unailinda ngoma kuliko hotuba zote za kuikataa Serikali.

Baada ya kaunta buku, tazameni ardhi. Jukwaa likijengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine, liwe limejengwa kwa michango yenu au kwa fedha ya halmashauri, mwenye kiwanja ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa vikundi vilivyoko vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu kikundi kupata hatimiliki ya kimila, na sielewi kwa nini watu huanza kufyatua matofali kabla ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Masharti ya fedha ya umma yapo, na sitawaficha: stakabadhi zitakaguliwa, taarifa itadaiwa, na fedha ya bati haiwezi kununulia sare. Lakini kumwonyesha mkaguzi stakabadhi ya misumari si kumkabidhi nyumba. Mkataba ukiwa na kifungu kinachohamisha umiliki wa vifaa, kataeni kifungu hicho, na mwenye kukikataa ni mkutano mkuu wa wanachama, si mwenyekiti peke yake akiwa ofisini kwa watu.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Wapo wanaojisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kisha wakakaa kusubiri fedha. Baraza hilo, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984, linasajili na kuendeleza sanaa. Usajili ni ruhusa ya kufanya kazi, wala si zamu ya malipo. Wapo pia wanaodhani kwamba Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ni sadaka, ilhali kinachopatikana zaidi huko ni mkopo, na mkopo hurejeshwa.

Kuna wanaosema asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ni ya mama ntilie na bodaboda tu. Mikopo hiyo isiyo na riba, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachotengeneza na kuuza ngoma ni kikundi cha vijana kama kingine chochote, mradi kieleze kitauza nini, kwa nani, na kitarejesha vipi. Andiko linalosema "kudumisha mila" bila hesabu ya mauzo hurudishwa, na kwa kweli linastahili kurudishwa.

Mwisho ni wale wanaomlaumu afisa utamaduni kwa kuzikalia fedha zilizotoka wizarani. Afisa huyo ni mtumishi wa halmashauri, na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, hupitishwa na madiwani ambao ninyi ndio mliowachagua. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini makisio huwa yamepitishwa miezi kadhaa kabla. Vikundi vinavyonijia Juni, msimu wa ngoma unapopamba moto, huwa nawauliza kama hoja yao ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa wakati mipango ilipokuwa ikiandaliwa. Jibu hilo kwa kawaida ni kimya, nami huwaandikia tarehe ya kurudi kwangu Septemba, wakiwa na kaunta buku mkononi.